Nadharia ikishapigwa: Imre Lakatos na majaribio ya VVU kando ya Ziwa Victoria

Agosti 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo kutoka mkoa wa Mwanza yaliyoufanya mkoa huu utajwe kwenye mikutano ya UKIMWI duniani kote. Ukiyatibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida, yalisema matokeo hayo, maambukizi mapya ya VVU yanapungua kwa takriban asilimia 40. Miaka 4 baadaye jarida lilelile likachapisha matokeo kutoka Rakai, Uganda, upande wa magharibi wa ziwa hilihili, jirani na Kagera. Huko magonjwa ya zinaa yalitibiwa nyumba kwa nyumba, na maambukizi ya VVU hayakutikisika.

Sasa tumwamini nani? Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa namna mbili, zote za haraka. Wapo wanaosema Rakai imeivunja Mwanza na mjadala umekwisha. Wapo wanaosema mazingira yalikuwa tofauti, kwa hiyo Mwanza iko palepale. Wa kwanza wanaitupa nadharia kwa pigo moja, na wa pili wana dawa ya kila pigo. Aliyetumia nusu ya pili ya maisha yake kuonyesha kwa nini majibu yote mawili hayatoshi ni mwanafalsafa wa sayansi Mhangaria, Imre Lakatos, aliyefariki Februari 1974, miaka 7 kabla UKIMWI haujaripotiwa popote. Kwenye kozi za mbinu za utafiti vyuoni kwetu wanafalsafa wenzake, Karl Popper na Thomas Kuhn, hutajwa, na Lakatos akibahatika hupewa mstari mmoja. Naona huo ni ubahili, hasa kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, ambao tumepimwa damu na kuhojiwa na watafiti kwa miongo kadhaa.

Alizaliwa Debrecen, mashariki mwa Hungaria, tarehe 9 Novemba 1922, katika familia ya Kiyahudi, akiitwa Imre Lipsitz. Wajerumani walipoikalia Hungaria mwaka 1944, mama yake na bibi yake walipelekwa Auschwitz wakauawa. Yeye alinusurika kwa vyeti vya kughushi, kwa jina la Molnár. Jina la Lakatos lilikuja baadaye. Akiwa mafichoni aliongoza kikundi kidogo cha vijana wa Kikomunisti, na hapo ndipo lilipo doa ambalo wanafunzi wake wengi wa Uingereza walilijua baada ya kifo chake. Kikundini alikuwamo msichana wa miaka 19, Éva Izsák, aliyekosa mahali salama pa kujificha. Wakajadiliana: akikamatwa atateswa, akiteswa atataja majina, akitaja majina wote wamekwisha. Hitimisho likawa kwamba afe, na Lakatos ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuijenga hoja hiyo. Msichana alimeza sumu.

Sikitaji kisa hiki ili kumchafua marehemu. Nakitaja kwa sababu ukikisoma halafu ukasoma falsafa yake, unaona mtu aliyeijua kwa karibu hoja iliyonyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila hatua ikifuata ya kabla yake, na bado ikamfikisha mahali pa kutisha. Sijaona popote alipoandika hadharani kwamba hilo ndilo lililomfunza kuwa na shaka na hoja zilizonyooka, na mimi sitamwekea maneno mdomoni.

Baada ya vita alipanda haraka. Mwaka 1947 alikuwa Wizara ya Elimu, kijana mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi, akishiriki kuzinyoosha taasisi za elimu zifuate mstari wa chama. Mwaka 1950 chama kikamgeukia. Alikamatwa, akaishia kambi ya Recsk, ambako wafungwa walichimba na kuvunja mawe, na hakutoka hadi 1953, mwaka aliokufa Stalin. Alipotoka alipewa kazi ya kutafsiri maandiko ya hisabati. Novemba 1956 vifaru vya Kisovieti vilipoyazima mapinduzi ya Hungaria, alivuka mpaka kuingia Austria, na kutoka huko akaenda Uingereza. Shahada ya uzamivu aliipata Cambridge mwaka 1961, na tangu 1960 alikuwa akifundisha London School of Economics, kwenye idara iliyojengwa na Karl Popper. Uraia wa Uingereza aliuomba akanyimwa. Alikufa hana taifa, akiwa na miaka 51.

Kazi yake ya kwanza kubwa inahusu hisabati, na imeandikwa kwa namna ambayo sijaiona kwa mwanafalsafa mwingine wa karne ile. Ni mazungumzo ya darasani. Mwalimu analeta kanuni ya Euler kuhusu maumbo yenye nyuso bapa: hesabu pembe, toa kingo, jumlisha nyuso, utapata 2. Chukua boksi la sabuni uhakikishe: pembe 8, kingo 12, nyuso 6. Nane toa kumi na mbili jumlisha sita ni mbili. Mwalimu anatoa uthibitisho, wanafunzi wanaridhika. Kisha mmoja anauliza: je, boksi lenye uwazi wa boksi jingine dogo ndani yake? Hesabu tena: pembe 16, kingo 24, nyuso 12. Jibu ni 4. Kanuni imepigwa.

Kinachofuata ndicho kinachonivutia. Mwanafunzi mmoja anakasirika: hilo si umbo, ni zimwi, litolewe nje. Anabadilisha maana ya umbo ili zimwi lisiingie. Linakuja zimwi la pili, anabadilisha maana tena. Kanuni inabaki salama, lakini kila mara inasema machache zaidi kuliko jana, mpaka inakaribia kusema kwamba maumbo yanayotii kanuni yanatii kanuni. Mwanafunzi mwingine anafanya kazi ngumu zaidi. Anarudi kwenye uthibitisho wenyewe, anatafuta ni hatua ipi hasa zimwi limeivunja, na kutokana na hapo anapata kanuni pana inayoeleza boksi la kawaida na lile lenye uwazi. Wanafunzi wote wawili wameiokoa kanuni. Mmoja ameiokoa kwa kuipunguza, mwingine kwa kuikuza.

Hapo ndipo Lakatos alipoanzia alipoingia kwenye sayansi. Popper alikuwa amefundisha kwamba sayansi hutambulikana kwa kukubali kukanushwa: sema jambo linaloweza kuonekana la uongo, na likionekana la uongo liache. Ni fundisho zuri na la kiungwana, ila wanasayansi hawaishi hivyo, na wala hawapaswi. Nadharia haiendi peke yake kukutana na ushahidi. Inakwenda na dhana nyingine lukuki: kwamba kipimo kilikuwa sahihi, kwamba dawa haikuwa imeisha muda, kwamba waliohojiwa walisema kweli. Matokeo yakikataa, unajua kuna kitu kibovu, hujui ni kipi. Kuhn, aliyeandika mwaka 1962, alikuwa na jibu la kihistoria zaidi: wanasayansi huvumilia yasiyoingia mpaka yanarundikana, kisha jumuiya yote inahama kwenda kwenye mtazamo mpya. Lakatos alichukizwa. Kwa maneno yake, kwa Kuhn mapinduzi ya sayansi yalikuwa suala la saikolojia ya kundi la watu wenye jazba. Mtu aliyewahi kuishi chini ya jumuiya iliyohama pamoja kwa amri ya chama hawezi kulisikia hilo kwa utulivu.

Jibu lake mwenyewe ni kwamba tusihukumu nadharia moja kwa tukio moja. Tuhukumu mlolongo mzima wa utafiti, alioupa jina la programu ya utafiti. Programu ina kiini kigumu, yaani yale ambayo wafuasi wake wameamua kutoyagusa, na kukizunguka kuna dhana za pembeni zinazopokea mapigo. Anayejua boma la Kisukuma la zamani atanielewa: ng'ombe wako katikati, na nje kuna uzio wa minyaa. Mnyama akitoboa uzio, mwenye boma hahamishi ng'ombe, anapanda minyaa pale palipotoboka. Hakuna ubaya wowote katika hilo, anasema Lakatos, na kila sayansi kubwa imefanya hivyo. Swali ni je, baada ya kurekebisha, programu inathubutu kusema jambo jipya ambalo hakuna aliyelitegemea, na jambo hilo linatokea? Ikiwa ndiyo, inasonga mbele. Ikiwa kila rekebisho linaeleza tu kilichokwishatokea, inadorora, hata kama wafuasi wake ni maprofesa watupu.

Mfano alioupenda ulikuwa wa mtaalamu wa nyota Edmond Halley, aliyetumia nadharia ya Newton kusema kwamba nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1682 ingerudi 1758. Ilirudi, Halley akiwa kaburini. Mfano wa upande wa pili aliutoa nyumbani kwake mwenyewe. Katika mhadhara wa redio mwaka 1973 aliutaja Umarksi: ulitabiri kwamba wafanyakazi wangezidi kufukarika kabisa, kwamba mapinduzi yangeanzia kwenye nchi zilizoendelea zaidi kiviwanda, kwamba nchi za kijamaa zisingegombana. Hakuna lililotokea. Na kwa kila moja walipata maelezo, yote yakitungwa baada ya tukio. Aliyesema hayo aliwahi kuwa miongoni mwa watunga maelezo. (Sisi tunao mfano wetu wa karibu zaidi. Mwaka 2011 magari yalijaa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Aliyerudi akapima na kukuta virusi bado vipo, mtaani aliambiwa dawa inahitaji muda, au imani yake ilikuwa haba. Uzio huo hautoboki kamwe.)

Turudi kwenye VVU. Jaribio la Mwanza lilianza mwaka 1991. Maeneo 12 ya vijijini yalichaguliwa, kila eneo likiwa ni kituo cha afya pamoja na zahanati na vijiji vinavyokizunguka: ya visiwani, ya ufukweni, ya kando ya barabara kuu. Yalipangwa jozi jozi. Katika kila jozi eneo moja lilianza kupata huduma bora, na jingine lilisubiri. Hiyo huduma bora haikuwa muujiza wowote. Waganga na wauguzi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, bila kusubiri maabara ambayo haipo. Dawa zilihakikishwa zinafika na haziishi. Wasimamizi walipita mara kwa mara kuangalia kazi. Baada ya miaka 2, kwenye maeneo yenye huduma, asilimia 1.2 ya watu wazima waliofuatiliwa walikuwa wameambukizwa VVU. Kwenye yale yaliyosubiri, asilimia 1.9. Matumizi ya kondomu na idadi ya wapenzi havikuonekana kutofautiana kati ya pande hizo mbili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilikuwamo, shirika la afya la AMREF lilikuwamo, na chuo cha tiba za kitropiki cha London, ambacho kutoka ofisini kwa Lakatos unakwenda kwa miguu hujatoka hata jasho.

Kiini cha programu hii ni rahisi kukieleza: kidonda au uvimbe sehemu za siri humfungulia VVU mlango. Funga mlango kwa kutibu kidonda, na virusi vitapita kwa shida.

Kisha ikaja Rakai. Huko timu ilitumia mkono mzito zaidi. Kila baada ya miezi 10 watu wazima wote wa maeneo yaliyochaguliwa walipewa dawa za magonjwa ya zinaa majumbani mwao, awe na dalili au asiwe nazo. Kama kiini ni cha kweli, mkono mzito ulipaswa kuzaa matunda zaidi. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka kwenye maeneo yaliyotibiwa, na 1.5 kwenye yale ya kulinganishia.

Watetezi walipanda minyaa sehemu tatu. Kwanza, walisema, janga lilikuwa kwenye hatua tofauti: Mwanza VVU ilikuwa kwa takriban asilimia 4 ya watu wazima, Rakai asilimia 16. Janga likiwa changa, virusi hutegemea watu wenye magonjwa ya zinaa ili visambae. Likikomaa, vinasambaa vyenyewe hata kwa wasio na kidonda. Pili, huduma zenyewe hazikufanana. Mwanza mgonjwa alitibiwa siku anapougua, Rakai aliyeugua mwezi wa 2 baada ya mgao angeweza kusubiri hadi mgao ujao. Tatu, vidonda vya Rakai vilikuwa kwa sehemu kubwa malengelenge yanayoletwa na kirusi cha hepesi, ambayo dawa za bakteria haziyagusi.

Yote matatu yana akili. Anayesikiliza kwa masikio ya Popper angeweza kuyaita visingizio, na mimi namwona anakosea. Mtafiti mwenye matokeo ya asilimia 40 kutoka kwenye jaribio lililopangwa vizuri hana sababu ya kuyatupa kwa sababu jirani kapata tofauti. Ila Lakatos anatulazimisha tuulize swali la pili, ambalo kwenye vikao vingi haliulizwi: kati ya marekebisho haya, lipi limejihatarisha?

La kwanza halikujihatarisha sana. Zilitengenezwa modeli za kompyuta zilizoweza kuzalisha matokeo ya Mwanza na ya Rakai kwa kanuni zilezile, zikibadilisha tu hatua ya janga na tabia za watu. Ni kazi ya kitaalamu na ilistahili kufanywa. Lakini modeli hizo zilijua majibu kabla ya mtihani. Na kwa kuwa janga halirudi uchanga, nafasi ya kuzijaribu upya mahali pengine ilikuwa inafungwa kila mwaka. La pili lingeweza kujaribiwa kwa kurudia huduma ya Mwanza kwingine. Masaka, Uganda, walijaribu kuunganisha huduma bora ya magonjwa ya zinaa na elimu ya tabia, na mwaka 2003 wakaripoti kwamba VVU haikupungua. Hapo minyaa ilianza kunyauka.

La tatu ndilo lililokuwa na ujasiri wa kweli. Kama hepesi ndiyo iliyoharibu hesabu Rakai, basi mtu mwenye hepesi akimeza dawa ya kuizuia kila siku, uwezekano wake wa kuambukizwa VVU unapaswa kushuka. Huo ni utabiri wa namna ya Halley: unasema kitakachotokea kabla hakijatokea, na ukikosea kila mtu anaona. Na ulijaribiwa hapahapa kwetu. Wanawake 821 wanaofanya kazi kwenye baa, gesti na migahawa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, wote wakiwa na hepesi na wasio na VVU, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa asikloviri, vidonge viwili kwa siku, na jingine vidonge vinavyofanana lakini visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliopata VVU kwenye kundi la dawa walikuwa 27, na kwenye kundi la vidonge vitupu 28. Jaribio jingine kubwa zaidi, lililofanyika kusini mwa Afrika, Peru na Marekani, lilitoka mwaka huohuo na jibu hilohilo.

Mwaka 2009 ikaja minyaa mpya. Watafiti wa Seattle walionyesha kwamba kidonda cha hepesi hata kikipona, chini ya ngozi hubaki mkusanyiko wa seli zilezile ambazo VVU huzitafuta, nao hudumu kwa wiki nyingi hata mgonjwa akiwa kwenye asikloviri. Kwa hiyo dawa ilifunga kidonda bila kufunga mlango. Ugunduzi huu ni wa kweli na ni mzuri. Lakini kama kipimo tunachokitumia ni kile cha Lakatos, lazima tuseme wazi kwamba ulikuja baada ya pigo, ukieleza pigo.

Weka pembeni yake programu nyingine iliyokuwa ikikua wakati uleule, ya tohara. Tangu miaka ya 1980 watafiti, wakiwamo wa Nairobi, walikuwa wameona kwamba wanaume wasiotahiriwa hupata VVU zaidi. Watu wengi, na hakika mimi ningekuwa miongoni mwao, walidhani ni suala la dini na desturi, kwamba waliotahiriwa wanaishi tofauti. Wafuasi walisema hapana, ni govi lenyewe, lina seli zinazonaswa kirahisi, na tukiwatahiri vijana waliojitolea maambukizi yatashuka. Walijihatarisha mara tatu. Orange Farm, Afrika Kusini, mwaka 2005: yalishuka kwa takriban asilimia 60. Kisumu, vijana 2,784: zaidi ya nusu. Rakai, kwenye jumuiya zilezile ambako dawa za zinaa zilikuwa zimegonga mwamba: nusu. Majaribio ya Kisumu na Rakai yalisimamishwa kabla ya muda Desemba 2006, kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima tohara waliokuwa wakisubiri. Tanzania ilipopanga mikoa ya kipaumbele Mwanza ilikuwamo, na Wasukuma, ambao jadi yao haina jando la kukata, wakaanza kupanga foleni kwenye kambi za tohara.

Kwa kipimo cha Lakatos, basi, hukumu inaandikika bila kumtukana mtu. Programu moja ilisonga mbele. Nyingine ilianza kwa kishindo, kisha ikaanza kuishi kwa maelezo. Hakuna haja ya kusema jaribio la Mwanza lilikuwa la uongo, na mimi siamini lilikuwa la uongo. Zile asilimia 40 zilitokea. Kilichodorora ni madai makubwa yaliyojengwa juu yake, kwamba hapo tumepata njia ya kuizuia VVU popote.

Mtu aliyemfahamu Lakatos kuliko wengi, na aliyempinga kuliko wote, alikuwa rafiki yake na mwanafalsafa mwenzake, Paul Feyerabend. Wawili hao walipanga kuandika kitabu kimoja cha mabishano, mmoja akipinga kanuni zote za sayansi, mwingine akizitetea. Lakatos alikufa kabla hajaandika upande wake. Feyerabend alitoa wa kwake mwaka 1975, akautabaruku kwa Lakatos, rafiki na anarkisti mwenzake, yaani mpinga mamlaka na kanuni zote. Utani huo ulikuwa na mwiba. Feyerabend alikuwa akisema: kipimo chako hakina muda. Programu inayodorora leo yaweza kuinuka baada ya miaka 50, na wewe mwenyewe umekubali hivyo. Kwa hiyo anayebaki nayo hakosei, anayeihama hakosei, na falsafa yako haimzuii mtu kufanya chochote.

Ni pingamizi zito, na sijaona aliyelijibu kikamilifu. Lakatos alijaribu kulipa kipimo chake meno kwa kusema wahariri wa majarida wakatae makala za programu zinazodorora, na wafadhili wazinyime fedha. Hapo naachana naye. Ameruka kutoka hukumu kuhusu maarifa hadi hukumu kuhusu mfuko, kama vile ni kitu kimoja, na kwa mtu aliyewahi kukaa wizarani akiamua nani afundishe na nani asifundishe, ulipaswa kuwa mruko wa kumtisha.

Wenye mfuko wenyewe, kwa kawaida, hawasubiri mwanafalsafa wala mtafiti. Tazama sangara. Mtafiti wa uvuvi Michael Graham alifanya uchunguzi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ya 1929 ilionya juu ya hatari ya kuleta samaki mkubwa mla-samaki. Mwaka 1960 mtafiti mwingine, Geoffrey Fryer, alirudia onyo kwa hoja ndefu zaidi. Sangara alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 hata hivyo. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walioanza kuhesabu furu kwenye Ghuba ya Mwanza miaka ya 1970 walijikuta katika muongo uliofuata wakihesabu kutoweka kwao. Utabiri ulitimia. Viwanda vya minofu navyo vikajengwa, na watu wakapata ajira. Programu ya Graham ilishinda mtihani wa Lakatos bila kubadilisha uamuzi hata mmoja.

Kwa upande wa magonjwa ya zinaa kosa lilikwenda kinyume chake. Matokeo ya 1995 yaliwafanya watunga mipango wayatazame magonjwa hayo kwa jicho moja tu: yanapunguza VVU au hayapunguzi? Gharama ilipigwa hesabu kwa kila maambukizi ya VVU yaliyozuiwa, takriban dola 218. Kwa hiyo majaribio yaliyofuata yalipokosa kuonyesha VVU ikishuka, hoja ya kuzipa zahanati dawa za kaswende na kisonono ilibaki imesimama kwa mguu mmoja. Hili ni jambo ambalo Lakatos hawezi kutusaidia, kwa sababu kipimo chake kinauliza nadharia inastahili nini na hakiulizi mgonjwa anastahili nini. Anayekuja zahanati na kidonda hajaja kuthibitisha kiini cha programu ya mtu.

Watafiti wa Mwanza wenyewe walilitazama jambo hilo upande wa wajawazito, na mwaka 2002 wakachapisha. Miongoni mwa wanawake ambao hawakupimwa kaswende wakati wa ujauzito, nusu ya watoto waliozaliwa wafu, asilimia 51, vifo vyao vilitokana na kaswende ya mama. Waliopimwa wakakutwa nayo na kuchomwa sindano moja ya penisilini walijifungua salama kwa kiwango sawa na wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa kabisa.